Nafasi Tupu za Walio Hai

Hili lilimpata rafiki yangu Prasojo, aliyetunza kumbukumbu za wastaafu kwenye kompyuta huko Semarang. Kwa mtu aliye hai, nafasi ya tarehe ya kufa huachwa tupu, na siku hiyo ripoti iligoma kutoka kwa sababu ya nafasi hizo.

“Mas Prasojo, jaza chochote humo, utafuta baadaye,” mwenzake Ratri akamwambia.

Prasojo akazijaza zote tarehe ya siku ile. “Haya, vikongwe wote nimewazika,” akacheka.

Umeme ukakatika. Feni zikanyamaza, na gizani simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, mwalimu mstaafu, na nyuma ya sauti yake watu walikuwa wakisoma Yasini.

“Mwanangu, majirani wametandika mikeka ya matanga sebuleni kwangu. Nawauliza nani kafa, hakuna anayenijibu.”