Chupa Saba za Bi Parthenia

Jumatano, jua likielekea kuzama, Lavelle Tolliver alijitwika gunia la mahindi begani akavuka ua wa nyuma. Ilikuwa kazi ya dakika tano tu: kujaza pipa, kufunga mfuniko, kurudi ndani kupasha supu ya mgonjwa.

Juu ya pipa ameketi rakuni.

Mnene, mkia wa pete pete, weusi umemzunguka macho, sura ya mwizi hasa. Mfuniko ameshaung'oa, mkono umezama hadi kwapani, anachota mahindi na kutafuna bila haraka. Alimtazama Lavelle, kisha akaendelea kula.

"Wewe," Lavelle alisema, "hata aibu huna."

Pipa lile alilitengeneza kwa mikono yake. Miguu mitatu ya chuma, na chini yake mota ndogo ya betri ya kurusha punje alfajiri na jioni, ili kulungu watoke msituni waje kula. Lilimchukua wiki nzima, na tangu alisimamishe hakuna kulungu aliyeonja punje. Alipaka miguu grisi. Rakuni wakapanda hivyo hivyo, kisha wakaenda kujifuta kwenye kiti chake cha barazani. Alizungushia mabati, wakarukia kutoka kwenye tawi. Akakata tawi. Alichanganya mahindi na pilipili kali. Wakala kwa hamu zaidi, na Lavelle, aliyejisahau akajisugua macho, akashinda analia kama aliyefiwa. Kindi wakatafuna nyaya. Nguruwe mwitu wakaliangusha pipa zima. Lavelle alikuwa na miaka sitini na mmoja, amepasua magogo maisha yake yote, na sasa anashindwa na mnyama wa ukubwa wa paka. Ilimkera mpaka usingizini.

Asingejali kama si Hosea. Kaka yake alilala chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa dirishani. Mwezi wa tisa madaktari wa jiji la Jackson walimrudisha nyumbani kwa maneno ya upole mno, na wote wawili walielewa. Mtu aliyewinda kwenye misitu ya misonobari ya Mississippi tangu utotoni, leo hajasimama kwa miguu yake kwa miezi miwili. Aliomba kitu kimoja.

"Mdogo wangu, nyama sitaki. Nataka kumwona kulungu mara moja tu, basi."

Ng'ambo ya barabara, uani kwa Bi Parthenia, kulikuwa na mwerezi uliokufa zamani, matawi yake yamevishwa chupa za bluu. Kila mtu pale alijua kazi ya chupa zile. Pepo mwenye kurandaranda huvutwa na ile bluu, huingia chupani, hukwama, na asubuhi jua humuunguza. Lavelle alikua akisikia hayo, hakuyaamini wala hakuyabishia. Yeye alikuwa anawaza kelele. Chupa zikining'inia kwenye miguu ya pipa, zikigongana na kupiga mluzi, rakuni gani atathubutu kupanda?

Bi Parthenia alikuwa kanisani kwenye maombi ya Jumatano. Nitamwambia kesho, Lavelle alijisemea, akachomoa saba.

Ya saba, aliyoitoa kwenye tundu la shina pasipofika jua, ilikuwa imezibwa kwa nta, na juu ya nta umefungwa uzi mwekundu. Chupa iliyozibwa haipigi mluzi upepo ukipita. Akatoa kisu cha mfukoni, akakata uzi, akakwangua nta.

Fuuu...

Kitu cha baridi kilimpita kwenye kiganja. Ikafuata harufu ya kafuri, ileile iliyojaa chumba cha mama yao siku zake za mwisho. Aliitikisa chupa. Tupu. Akaifunga waya pamoja na zile nyingine, akazitundika zote.

Alhamisi jioni, rakuni hakuja. Lavelle alisimama jikoni akikoroga supu, chupa zikilia nje, ting... ting... na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu alicheka peke yake.

"Lavelle," Hosea aliita. "Amekuja."

Akaacha mwiko, akakimbia. Nje hapakuwa na kitu.

"Umemfukuza na mabuti yako," Hosea alisema. Uso wake ulikuwa umechangamka, macho yana maji. "Dume. Pembe hizi hapa. Alikuja mpaka karibu na kioo."

"Nimefurahi, kaka."

"Kisha akasimama."

"Akasimama wapi?"

"Kwa miguu miwili," Hosea alinong'ona, akitabasamu. "Kama mtu."

Lavelle alilaumu dawa za maumivu. Akachukua tochi akatoka. Mahindi yote yalikuwa yameondolewa chini ya pipa, lakini hayakuliwa. Yalikuwa yamepangwa punje moja moja, mstari ulionyooka, kutoka kwenye pipa hadi chini ya dirisha. Hapakuwa na alama ya kwato. Alizitawanya punje kwa buti huku akitukana. Wiki tatu za kupigania punje hizo, na sasa kuna mnyama anazichezea!

Ijumaa mchana Bi Parthenia alivuka barabara na fimbo yake. Hakusalimia.

"Wewe Lavelle. Chupa zangu."

"Nilitaka kukwambia, mama. Ni hawa rakuni, wamenitoa akili. Nitarudisha zote."

"Ile yenye nta?"

Lavelle akalitupia jicho pipa.

"Lavelle. Ile yenye nta umeifanya nini?"

"Niliizibua."

Bi Parthenia alikaa kwenye ngazi ya baraza taratibu, bila kutafuta pa kushika. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ya chini, akilitazama pipa.

"Mama yenu alipokuwa anaumwa, jioni alikuwa anamwona mdogo wake dirishani. Yule aliyezama mtoni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka alikuwa anaongea peke yake."

"Hakuwa peke yake. Kile kitu hujivika kile mgonjwa anachotamani kukiona. Akikifungulia, kinaingia na kuondoka naye. Nilikinasa, lakini nilichelewa siku moja. Na chupa hiyo haijawahi kupata jua, maana kwa jua hakifi. Kinakasirika tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Funga pazia. Jioni hii na zote zinazofuata. Asikione."

"Anachotaka duniani ni kuangalia dirishani, mama. Ni hicho tu."

"Najua, mwanangu."

Jioni hiyo Lavelle alipigilia pazia misumari. Kila pigo la nyundo Hosea alilifuata kwa macho.

"Unanifungia nini?"

"Baridi, kaka."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kudanganya, usinijaribu." Akahema. "Fungua. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe."

Lavelle alikaa kitandani, mgongo ameuelekeza dirishani, amemshika kaka yake mkono. Alitamani kulia, alitamani kuvunja kitu. Nje chupa zilianza. Ting... ting... Kisha zikanyamaza zote mara moja.

Punje zikagongwa kwenye kioo. Moja. Nyingine.

Harufu ya kafuri ikapenya.

"Yupo," Hosea alisema. "Mwache aniangalie."

"Hapana."

"Una roho mbaya, Lavelle."

Maneno hayo yalimwingia, na bado hakuuachia mkono ule. Walikaa hivyo mpaka giza likakamilika, kugongwa kwa kioo kukakoma, na Hosea akalala. Ndipo Lavelle alipokwenda jikoni kuwasha moto chini ya supu. Alikaa huko muda wa sufuria kuchemka, si zaidi.

Kulipopambazuka, mota ya pipa ilinguruma na kurusha mahindi. Lavelle alichungulia kupitia mlango wa nyuma, akaduwaa.

Kulungu.

Jike na watoto wawili, kwato kwenye umande, vichwa chini, wanakula. Kulungu wa kweli, kwenye mwanga wa asubuhi, pumzi zao zinafuka. Rakuni mnene alikuwa kwenye ukingo wa msitu, lakini hakulisogelea pipa. Alikuwa amesimama akiitazama nyumba, manyoya yamemsimama.

Lavelle alikimbilia chumbani, akalirarua pazia na misumari yake.

"Kaka, angalia. Wamekuja watatu. Kaka!"

Ndipo alipoona kioo kimeinuliwa vidole viwili. Dirisha lile zito, ambalo yeye mwenyewe hulisukuma kwa bega. Na juu ya shuka, karibu na mto, punje moja ya mahindi, imelowa.

Hosea alikuwa macho, mtulivu, ameelekeza uso pembeni kwa kabati, mahali pasipofikiwa na mwanga. Hakugeuka dirishani hata kidogo.

"Funga hilo pazia," alisema kwa upole. "Mwanga unamuumiza."