Tangazo la Tatu

Jumatatu asubuhi stesheni ya Kilosa ilijaa watu na mizigo yao, na katika watu wote hao Sesilia akagongana na mchumba wake, mwalimu Gabrieli. Amevaa suruali ya bugaluu iliyonyooshwa pasi, sanduku mkononi, tayari kupanda treni ya Dar es Salaam.

Jana yake padri alipaswa kusoma tangazo la tatu la ndoa yao. Alisoma ya wengine, lao hakulisoma. Kanisa zima likageuka kumtazama Sesilia na gauni lake jipya. Kumbe Gabrieli mwenyewe alikuwa amelisimamisha tangu Jumamosi!

"Mpenzi, nilikuwa nikuandikie barua..."

"Mpenzi wa nani? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ni yule mwanafalsafa Mkristo ninayemsoma, Mdenmaki. Anasema imani si kufuata umati. Kila mtu husimama mbele ya Mungu peke yake, na kujitupa gizani bila kuona chini. Naye alimwacha mchumba aliyempenda. Mimi nakupenda mno, Sesi. Naogopa nimekuweka mahali pa Mungu. Hata Ibrahimu alimtoa Isaka..."

Loh! Sesilia alichoka. Nchi nzima inahimizwa kuhamia pamoja katika vijiji vya ujamaa, huyu anatafuta upweke! Na balaa ni kwamba alimpenda, pamoja na falsafa zake hizo hizo.

"Ibrahimu alishuka mlimani na nani?"

Gabrieli alitazama sanduku lake.

"Nakuuliza, mwalimu!"

"Na Isaka."

"Na Mdenmaki wako, alirudishiwa mtu wake?"

"Hapana. Binti aliolewa kwingine. Baadaye Mdenmaki mwenyewe alikiri kwamba angekuwa na imani, angebaki naye."

"Umesoma hilo, na bado umekata tiketi?"

"Naogopa, Sesi."

"Na mimi je? Kuolewa na mtu kama wewe, unadhani naona chini?"

Treni ikapiga honi. Sesilia hakumshika mkono. Aligeuka aondoke. Abiria wakapanda, mabehewa yakaanza kusogea. Alipotazama nyuma, Gabrieli alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nakwenda kwa padri," alisema. "Jumapili atalisoma."

"Anza kwa mama yangu. Amenuna tangu jana. Umweleze hayo ya Mdenmaki, yote."

"Twende wote?" aliuliza Gabrieli.

"Peke yako," alisema Sesilia.