Shati la Ukweni

Walikutana sokoni kwenye lundo la mitumba, watu wakisukumana. Fundi, dada wa cherehani, alivuta sketi moja. Upande wa pili ukavutwa na mkono mpana wa kijana aliyelowa jasho.

"Kaka, hiyo imeoza."

"Ndizo ninazozitafuta, dada."

"Utaivaa?"

"Nitaipiga ngumi."

Kumbe alikuwa bondia, anatafuta matambara ya kushindilia gunia la mazoezi. Fundi alikunja pua kwa harufu yake, lakini alicheka, na kucheka huko kukamponza. Alirudi nyumbani bila sketi na bila moyo wake.

Gunia lenyewe alilishona yeye, kwa turubai na uzi mnene. Jioni alikwenda kumtazama mpenzi wake akilitwanga, huku akiziba pua kwa upande wa mtandio. Ukumbi ule ulimchefua: ndoo ya mate pembeni, bandeji za mikono zilizokauka kwa chumvi ya jasho.

"Mpenzi, hizo glovu zinafaa kuzikwa."

"Tuzikwe pamoja basi, laazizi."

Wiki ya kuelekea pambano, Fundi alimpima shati la kwendea kujitambulisha kwao. Lilikuwa la buluu, kola imesimama, mshono wa mkono.

"Futi yangu haijawahi kukosea," alijigamba.

Siku ya siku, pambano likiwa limeshapita, Bondia alitokea nyumbani kwa kina Fundi na fulana iliyofubaa, shingo imelegea.

"Shati liko wapi?" Fundi alimnong'oneza.

"Kwa dobi, mpenzi."

Mama alimtazama mgeni kama anayetazama tope juu ya mkeka. Mgeni alipoondoka, mama akamgeukia binti yake: "Asiyethamini jasho lako atakuthamini wewe? Huyo simtaki hapa tena."

Fundi aliona aibu. Tangu siku hiyo, simu za Bondia alizijibu kwa mkato.

Aliyempigia juma lililofuata ni kocha. "Fundi, gunia limefumuka chini. Njoo uokoe jahazi. Na huyo mtu wako ana nini? Ngumi za chini hapigi kabisa siku hizi!"

Fundi alifika, akafungua mshono. Uvundo ulimpiga usoni, machozi yakamtoka. Akachomoa matambara yaliyolowa, yanateleza, yana ukungu. Chini kabisa akavuta mkono wa shati la buluu. Kola aliijua. Alikimbilia dirishani akatapika.

Bondia aliingia kutoka mbioni, akaganda mlangoni.

"Huyu ndiye dobi wako?" Fundi alimtupia shati kifuani. "Unanitia kinyaa! Kila siku unaipiga zawadi yangu ngumi?"

"Lifunue mgongoni, laazizi. Tafadhali."

Alilifunua kwa ncha za vidole. Lilikuwa limechanika kutoka bega hadi bega.

"Ulinipima wiki ya kupunguza uzito," alisema Bondia. "Sikuwa nakula, hata maji nilikuwa nasukutua na kutema. Baada ya pambano mwili ukarudi. Asubuhi ile nimeinua mikono tu, likapasuka."

"Ukashindwa kusema?"

"Ulivyojisifia futi yako! Nikaogopa kukuvunja moyo. Kulitupa sikuweza. Nikaliweka chini, nisipopiga."

Fundi akakumbuka malalamiko ya kocha. Hasira ikamlegea, kinyaa kikabaki palepale.

"Mjinga wewe. Umekula leo?"

"Nimeshiba."

"Maji?"

"Nimekunywa tele."

"Inua mikono."

Kwapa likafunguka. Fundi aligeuza uso, akabana pumzi, akapitisha futi kifuani kwa kijana yule anayenuka kuliko gunia lake, akapima polepole kuliko ilivyohitajika.

"Hili jipya utalivaa Jumapili, umwombe mama msamaha. Nitakuwa pembeni yako."

Kisha akalisokomeza lile bovu ndani ya gunia, akashona. "Sasa piga chini, kocha apumzike."

Bondia hakupiga. "Na la harusi utanipima lini?"

"La harusi," Fundi alijibu akifuta mikono kwa nguvu, "nitakupima ukishaoga."