Aliyerudi Kaloleni

Jumamosi hiyo sokoni Kariokor, Nairobi, palikuwa hapapitiki. Moshi wa nyama choma ulitanda juu ya vibanda, nyundo ziligonga ngozi, na wachuuzi waliwavuta wateja kwa mikono na kwa maneno. Mukami alipita katikati ya vurumai hiyo amejikunyata, gauni lake la kitenge cha samawati likifagia vumbi. Alipoona kibanda kilichokuwa pembeni kabisa, kinachotazama barabara, ndipo alipopumua na kusimama.

"Karibu, malkia," fundi wa kibanda akasema bila kuacha kukata tairi. "Wengine hapa wanauza viatu. Mimi nauza raha ya miguu."

"Na raha yenyewe inadumu?"

"Hii ni akala, dada. Tairi la lori! Ukivaa leo, wajukuu wako watakuja kuigombania."

Mukami akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla hata yeye mwenyewe akashangaa, kama mtu aliyesikia sauti ya jamaa aliyehama zamani.

Fundi aliitwa Bwire, Msamia wa Funyula, mrefu, mwenye mwanya na aproni ya ngozi iliyopasuka mfukoni. Alipopiga goti ampime mguu, Mukami aliuvuta haraka na kushusha gauni hadi chini.

"Nipime kwa macho."

"Macho yangu yakianza kupima hayajui kuishia miguuni."

"Basi yafumbe."

"Nikifumba, nitakukata kidole gumba!"

Mwishowe Bwire alimpa kipande cha boksi na kalamu, akageuka kutazama barabara, Mukami akajichora unyayo mwenyewe.

"Zitakuwa tayari Jumanne. Niachie namba nikupigie."

"Nitakuja bila kupigiwa."

"Na tairi likipasuka kabla ya Jumanne?"

"Si ulisema ni la lori?"

Bwire alicheka mpaka mwanya wote ukaonekana, na labda ni kicheko hicho kilichomfanya Mukami aandike namba yake pembeni mwa ule unyayo.

Akaanza kupigiwa simu. Asubuhi: "Sasa, malkia wa boksi? Umekunywa chai?" Mchana: "Nilikuwa nataka tu kusikia ukisema 'aah, wewe nawe.'" Na Mukami angesema, "Aah, wewe nawe," kisha angeiweka simu chini akitabasamu, huku mama yake akimtazama kutoka jikoni na kuogopa kuuliza lolote.

Mama alikuwa na sababu ya kuogopa. Mtaa mzima wa Kaloleni ulijua habari ya binti yake. Miaka kadhaa nyuma, Mukami na mwenzake Nthoki walikuwa wapishi wa kambi ya wajenzi wa barabara, huko kaskazini karibu na mpaka. Asubuhi moja watu wenye bunduki waliivamia kambi, wakawachukua wanawake hao wawili. Walivushwa mpaka, wakafungiwa katika chumba cha bati, miguu imetiwa mnyororo. Walikaa humo zaidi ya miaka minne. Nthoki alishikwa na homa msimu mmoja wa mvua, akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mukami, na mlango haukufunguliwa hadi kesho yake. Watekaji walipokuja kupigana wenyewe kwa wenyewe na kutawanyika, Mukami alifunguliwa mnyororo na mmoja wao aliyekuwa akikimbia, akatoka, akatembea asikokujua, mpaka mfugaji ngamia mmoja, mzee Abdiqadir, akamkuta kando ya njia, akampa maziwa na kumpeleka mpakani kwa punda.

Alipofika nyumbani alikuta kanisa limekwisha kumfanyia ibada ya wafu. Picha yake ilikuwa ukutani, imezungushiwa maua ya plastiki. Majirani walikuja kumsalimia kwa sauti ya matanga. Walimshika mkono kwa vidole viwili, kana kwamba angevunjika. Wasichana aliosoma nao walipokutana naye njiani walianza kulia kabla hata ya kusema hujambo.

Bwire hakuwa akijua. Mukami alimwambia alikuwa ameajiriwa hoteli huko Garissa, mkataba ukaisha, akarudi. Ulikuwa uongo mdogo, na ndani yake Mukami alijipatia mahali pa kupumzika.

Lakini mapenzi hayakai katika uongo bila kuuliza maswali. Kila mara Bwire alipomwalika kwake, mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, Mukami alitoa udhuru. Walikutana kwenye viti vya nje vya mikahawa, chini ya jua, hata siku za baridi.

"Kuna mtu?" Bwire akamuuliza siku moja. "Niambie tu. Kama una bwana, mimi si wa kuvunja nyumba ya mtu."

"Sina bwana."

"Basi ni chumba changu. Ni bati, ndiyo. Watu wa Kaloleni mna nyumba za mawe na bustani, najua."

"Bwire, usiseme hivyo."

"Niseme nini basi, mpenzi? Nimekupenda mpaka naota kwa Kikuyu chenu, na sijui hata neno moja!"

Alicheka, ila macho hayakucheka. Ndipo Mukami, kwa kuogopa kumpoteza, aliposema atakuja Jumapili.

Alikuja na gauni la njano na zile akala. Mlango uliachwa wazi. Bwire alipika samaki wa Funyula na ugali wa wimbi, akamsimulia vituko vya wateja, akamwimbia vibaya makusudi. Ilikuwa alasiri tulivu. Mukami, ambaye tangu arudi hakuwahi kulala usingizi wa kueleweka, alilegea kwenye kochi na kusinzia katikati ya hadithi.

Bwire alimtazama. Hakuwahi kumwona uso umetulia hivyo. Maziwa ya chai yalikuwa yameisha, akaamua akimbie dukani kabla hajaamka. Wiki hiyo wezi walikuwa wameingia chumba cha jirani na kubeba mtungi wa gesi mtoto akiwa ndani amelala. Kwa hiyo alirudisha mlango polepole, akatia kufuli kwa nje, kama wanavyofanya wapangaji wa ploti kila siku, na kwenda.

Dukani palikuwa na foleni.

Mukami aliamshwa na joto. Bati lilikuwa likilia juu yake kwa jua. Mlango ulikuwa umefungwa. Aliusukuma, ukagoma, na kufuli likagonga kwa nje. Mlio ule aliujua. Aliujua kuliko jina lake.

Majirani walisikia mayowe. Walisikia mtu akiita, "Nthoki! Nthoki!" na akipiga bati kwa mikono yote miwili. Wakavunja kufuli kwa jiwe. Msichana alianguka nje, gauni la njano limechanika, mikono inatoka damu, akajikunja chini ukutani na kuficha uso.

Hapo ndipo Bwire alipotokea kwenye kichochoro, ameshika pakiti ya maziwa na soda.

"Ndiye huyu!" mtu akapaza sauti. "Anafungia wasichana wa watu!"

"Ngojeni! Jamani, ngojeni! Mukami, waambie!"

Hakuna aliyengoja. Mbao ya kwanza ilimpata begani.

"Mukami! Waambie basi!"

Mukami alimwona. Alisikia kila neno. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka, hata pumzi. Alimtazama mpenzi wake akipigwa hadi maziwa na damu vikachanganyika matopeni, na angepigwa hadi kufa lau si Ayuma, mama aliyekuwa akikusanya kodi ya ploti ile, kujitupa juu yake na kupiga kelele akiuliza nani anataka kuanza na yeye.

Bwire alilazwa na mbavu zilizovunjika na mkono wa kushoto uliopondeka. Alipotoka hospitali, alipanda basi kwenda kwa mama yake Funyula. Alimpigia Mukami mara moja tu.

"Nataka neno moja," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Ulifikiri nilikuwa nataka kukufanyia nini?"

"Bwire..."

"Nilienda kukununulia maziwa."

Mukami alilia mpaka simu ikakatika. Alipojaribu tena, ilikuwa imezimwa.

Siku zikapita. Alikuwa akikaa kizingitini kwa mama yake, hali, hasemi. Mama alivumilia, kisha asubuhi moja akaja akaketi kando yake, akiwa bado na unga mikononi.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," mama alisema. "Hakuna anayekulaumu, mwanangu."

"Yeye hajui kuna nyoka, mami. Anajua tu kwamba nilinyamaza."

"Basi mwambie."

"Hashiki simu."

"Na waliompiga? Hao nao wamezima?"

Mukami alisimama. Kisha aliingia ndani akaoga.

Alitembea kwa miguu, akapita viwanda, akaingia Mukuru kwa Reuben wakati wanawake wamejaa kwenye mfereji wa ploti ile wakichota maji. Walimtambua. Madumu yakawekwa chini. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti wakainua vichwa.

"Mnanikumbuka," Mukami alisema. "Mlisikia nikilia, mkanifungulia. Mungu awabariki. Huko nilikokuwa nililia miaka na hakuna jirani aliyekuja. Lakini mtu mliyempiga hakuwa na kosa."

Akawaambia. Aliwaambia juu ya kambi, chumba, na Nthoki. Aliinua gauni kidogo, wakaona kovu la mnyororo lililozunguka kifundo cha mguu, ambalo hakuwahi kumwonyesha mwanamume yeyote. Mama mmoja alianza kulia. Mwashi mmoja kijana, Shitanda, alisimama kutoka kwenye drafti akiwa hajui aweke wapi mikono yake.

"Mimi nilimpiga na mbao," alisema. "Dada, kwa nini hukusema siku ile?"

"Mdomo ulikataa. Kule, aliyefungua mdomo ndiye aliyepigwa."

Shitanda akaketi tena, akainamisha kichwa.

Jioni hiyo simu ya Mukami ililia.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Ayuma ameniambia." Upande wa Bwire kuku alikuwa akilia mahali. "Mbona hukuniambia mimi kwanza, kabla ya mfereji mzima?"

"Kwa sababu wewe ndiye mtu pekee Nairobi hii aliyekuwa akinitazama bila huruma."

"Mimi? Bila huruma?"

"Ulikuwa ukinitazama kwa tamaa."

Bwire alicheka, kisha akagumia kwa maumivu. "Usinichekeshe, mbavu hazijaunga." Halafu akauliza polepole, "Nthoki alikuwa nani? Siku ile ulikuwa ukimwita."

Mukami akamweleza Nthoki alivyokuwa: mpishi asiyejua kupika wali, mwenye kuimba nyimbo za kanisa kwa Kikamba akibadilisha maneno ili mwenzake acheke, aliyesema wakitoka atafungua kibanda cha chapati Mukuru kwa Njenga karibu na mama yake. Bwire hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni alisema tu, "Pole, mpenzi," na Mukami, aliyeambiwa pole na watu wengi, aliipokea hii.

Bwire alirudi Nairobi mvua zilipokwisha. Alikonda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikukunjika tena. Kisu cha kukatia tairi kilimshinda, ikabidi aajiri mkataji, yeye abaki kushona kidogo na kuuza maneno. Walikutana kwenye nyasi mbele ya ukumbi wa Kaloleni, watoto wakicheza mpira karibu. Wavulana waliposhangilia bao, Bwire aliruka na kugeuka upesi akitafuta ukuta wa kujikinga.

Mukami aliona. Aliushika ule mkono mgonjwa.

"Ni mimi niliyekupa hofu hiyo."

"Uliipata wapi wewe? Tusianze kuhesabu ilikotoka." Akatazama chini. "Nilikasirika, Mukami. Hata sasa kuna asubuhi naamka nikiwa nimekukasirikia. Lakini nimekaa Funyula nikajaribu kutokukupenda, na nimeshindwa vibaya. Nataka kukuoa."

"Siwezi kulala nyumba moja na mtu. Si kwamba sitaki. Usiku nikisikia mtu anapumua chumbani, nasikia ni Nthoki, halafu nasikia pumzi inaacha. Labda sitaweza kamwe."

"Mchana je?"

"Mchana nini?"

"Mchana unaweza kuwa mke wangu?"

Alidhani anatania. Alimwangalia usoni, akaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa akitania hata kidogo.

"Mchana naweza."

Walifunga ndoa Jumamosi, kanisani Kaloleni, karibu na nyumba zile za mawe. Mukami alivaa gauni la shingo ya duara lililoshonwa na mama yake, na Bwire suti ya kijivu iliyomzidi mabega. Ayuma alikuja na wanawake wa ploti wamevaa leso za rangi moja. Mama yake Nthoki alikuja kutoka Mukuru kwa Njenga. Alimkumbatia bibi harusi muda mrefu hadi wimbo ukaisha na mwingine ukaanza. Shitanda alibeba sufuria za pilau tangu asubuhi na hakukubali kuketi kwenye meza yoyote.

Jua lilipoanza kushuka, mashangazi walijipanga kumsindikiza bibi harusi kwa mumewe. Walianza kuimba. Bwire akasimama mbele yao, akatoa shukrani kwa heshima zote, kisha akasema mke wake leo atarudi kwa mama yake, na kwamba hilo ni makubaliano ya wenye ndoa.

Wimbo ulikatika. Shangazi mmoja alishika kiuno. "Harusi gani hii?"

"Yetu, shangazi," Bwire alisema.

Wakaondoka wakinong'ona. Mama yake Mukami alitangulia na mabakuli. Maharusi wakafuata nyuma wakitembea taratibu, Mukami ameinua pindo la gauni jeupe lisiguse matope, mumewe upande wake wa kushoto akimshika kwa mkono ulio mzima. Madirishani watu walichungulia, na Mukami alihisi aibu, na huzuni nyuma ya aibu, kwa yote ambayo watu hupewa bure na yeye atayapata kwa kuomba, ama asiyapate.

Langoni walisimama.

"Unajuta?" alimuuliza.

"Naumia," Bwire alisema. "Kujuta ni kitu kingine."

Mukami alimwegemea kifuani, akabaki hapo huku redio ya jirani ikisoma taarifa ya habari.

"Kesho utakuja saa ngapi?" alimuuliza.

"Wewe utaamka saa ngapi?"

"Mapema sana."

"Basi nitakuja mapema sana."

Mukami aliingia ndani. Bwire alisubiri mpaka alipomwona ameketi mezani, mama yake akimtoa maua kichwani moja baada ya jingine. Kisha akavua koti la suti, akalitupa begani, na kushika njia ya Mukuru.