Mawe ya Udaga

Kila siku baada ya shule, Loyce alikuwa na kazi ya kuanua udaga, yaani mihogo mikavu ya kusaga unga. Kijijini kwao, kando ya lami ya kutoka Kibondo kwenda Kasulu, watu walianika mihogo barabarani kwa kuwa lami hukausha upesi, wakaizungushia mawe ili magari yasiikanyage. Siku moja wingu zito lilitanda. Loyce akawahi kubeba udaga, mawe akayaacha palepale.

Magharibi, Koplo Badru alipita na pikipiki akikimbilia duka lililovamiwa na majambazi. Aliyagonga mawe yale. Alifariki akiwa njiani kupelekwa hospitali.

"Wakimbizi wa kambi ya Nduta hao! Wametega magari!" watu walisema, bila hata mmoja kuona. Lawama zikamwangukia Dadi, Mrundi aliyekuwa akifanya vibarua vya kulima pale, akakamatwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini Dadi haki yake hakuna aliyempa.

Generosa, mama yake Loyce, alijua ni nani aliyeyaacha mawe. "Mwana wanje, funga mdomo," alimwambia binti yake. Loyce akafunga, na tangu hapo chakula kikamshinda.

Arobaini ya marehemu ilisomwa Kasulu, nyumbani kwa mjane wake, Zuhra. Wanawake wa kijiji walikwenda kusaidia kupika, Generosa na Loyce wakiwamo. Zuhra alikuwa akichambua mchele.

"Huyo Dadi aozee jela," alisema.

Loyce aliweka kisu chini. "Mama, mawe ni yangu. Nilianua udaga nikayaacha. Dadi hata hakuwepo."

Generosa alijifunika uso kwa kitenge. Zuhra alimtazama yule mtoto.

"Siku arobaini mmeniacha namlaani asiye na kosa! Sajenti wa kituo cha marehemu yuko pale nje. Nenda ukamwambie hayo hayo."

"Twende wote," Generosa alisema. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Dadi aliachiwa siku ya tatu, amekonda, akapita kijijini bila kumsalimia mtu. Wanakijiji waliyaondoa mawe yote barabarani, wakaanza kuanika udaga kwenye vichanja nyumbani. Walikuwa wamechelewa mno.

Loyce alirudi kwa Zuhra na mama yake kuomba msamaha.

"Bado, mwanangu," Zuhra alimjibu. "Kusahau mawe ningekusamehe siku ile ile, maana wewe ni mtoto. Kunyamaza ndiko kunakoniuma. Kosa ukilisema mapema hubaki moja. Ukilificha, linazaa."

Loyce alilia. Zuhra hakumfukuza, ila hakumbembeleza.