Jeki Peke Yake Haitoshi

Mwaka 1965, watu wa Garissa walikuwa wepesi wa kulala chini. Mlio wowote uliwalaza. Vita vya serikali na shifta, wapiganaji wa msituni, vilikuwa vimewafundisha hivyo.

Sasa fikiria gari la Jelle. Lilikuwa gari dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa. Mzungu mmoja, daktari wa mifugo, alimwachia alipokuwa akirudi kwao. Kila asubuhi Jelle alilijaza vibuyu vya maziwa ya ngamia akaenda nalo sokoni. Mkewe, Shamis, aliliita punda mwenye maringo.

Wiki hiyo bomba la moshi lilipasuka. Gari likawa linalia kama bunduki. Asubuhi askari wa kizuizi cha barabarani alimwambia Jelle, "Kesho hii gari ikilia tena hivyo, mimi siulizi ni nani. Napiga."

Basi mchana Jelle aliliegesha uani. Alivuta breki ya mkono, akainua sehemu ya nyuma kwa jeki, akajiingiza chini na spana yake. Ilionekana miguu tu.

Shamis alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi. Akaitazama jeki. Mchanga ulikuwa ukiimeza polepole.

"Jelle, toka."

"Ngoja nimalize hii nati."

"Toka, nimesema."

Hakutoka. Shamis alitupa kibuyu, akamshika miguu na kumvuta kwa nguvu zake zote. Hapo gari likasogea mbele, jeki ikalala, chuma kikashuka mahali kilipokuwa kifua cha Jelle.

Kishindo kilimleta jirani yao Kulow, dereva wa lori la ng'ombe.

"Ajali haina kinga, adeer," Jelle akasema, akimwita ami kwa Kisomali huku akipangusa vumbi.

"Hii ina kinga," Kulow akajibu. "Shamis, kwenu ngamia anapakiwa vipi?"

"Anakalishwa pahali pagumu. Anafungwa goti asiinuke. Ndiyo anawekewa mzigo."

"Na huyu bwana, amefunga gari yake?"

"Nimevuta breki," Jelle akasema.

"Hiyo breki inashika magurudumu ya nyuma tu, na wewe umeyainua hewani. Ya mbele yamebaki huru."

Kulow alileta mbao na magogo kutoka kwenye lori lake. Akakaza vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Akalaza ubao mpana juu ya mchanga, na jeki juu ya ubao.

"Iguse ekseli, hiki chuma kinene," akasema. "Ukiiweka kwenye bati la sakafu, litabonyea."

Gari lilipoinuka, Jelle alitaka kutia mawe chini yake.

"Mawe yanapasuka bila kuaga," Kulow akamkataza. Akasimamisha gogo nene kila upande wa ekseli, akashusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa juu ya magogo. Kisha akalisukuma gari kwa mikono miwili. Halikutikisika.

"Sasa ingia. Shamis, kaa hapa. Chini ya gari mtu haingii akiwa peke yake."

Jelle aliingia. Alikuwa bado anakaza bati kwenye bomba wakati bunduki ilipolia ng'ambo ya mto Tana. Alishtuka, akarusha teke. Jeki ikaanguka.

Shamis alifumba macho. Akasoma shahada.

Alipofumbua, gari lilikuwa palepale juu ya magogo.

"Shamis," sauti ya Jelle ikatoka chini. "Nipe waya."

Asubuhi gari lilifika kizuizini likinguruma kwa upole. Askari alichungulia vibuyu, akainua mti wa kizuizi, na bunduki yake ikabaki begani.

Tangu hapo, kila aliyekuja kuazima jeki kwa Shamis alipewa na magogo. Aliyesema magogo hayahitaji alirudi kwake bila jeki.