Ejo Ipi?

Kila asubuhi, hapa kwetu Kamembe, Maman anakaanga sambaza, dagaa wa ziwani. Kazi hii aliianza Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nilipokuwa mdogo, na mpaka leo harufu yake inanirudisha kule. Wakati huo baba yangu, Papa Rutayisire, alikuwa hai. Kila kopo la jikoni alilibandikia karatasi yenye maelezo. Lile kubwa liliandikwa: "Chumvi ya kukaushia samaki. Si ya supu. Ukikosa kuelewa, usibahatishe. Uliza Maman."

Tulimcheka sana. "Papa, hata chumvi inaandikiwa barua?"

"Kopo imefungwa," alijibu. "Muntu haone ndani. Anasoma tu inje."

Papa ametutoka. Kopo lake tulivuka nalo mpaka, na bado liko jikoni.

Mwezi uliopita nilimwekea Maman msaidizi kwenye simu. Si mtu, ni akili bandia. Anapokea ujumbe wa wateja, na kila jioni, Maman akiuliza, anamsomea oda za kesho. Nilimpa zana mbili, yaani programu ndogo zinazofanya kazi moja moja. Ya kwanza inaandika oda. Ya pili inazileta, ukiipa tarehe. Maelezo ya hiyo ya pili niliyaandika mbio mbio: "Inaleta oda za ejo." Nyumbani tunachanganya Kiswahili na Kinyarwanda, nikaona yametosha. Mjuaji mie!

Jumatano asubuhi Maman Nzigire alifika kutoka Bukavu. Yeye ni mteja wetu tangu enzi za Papa, na humwita Maman kwa jina langu.

"Maman Mutoni, samaki yangu iko wapi? Bageni ba kanisa bananingoya!"

Maman alishika kichwa. "Telefone haikuniambia kitu! Imenisomea oda ya zamani, ya batu benye balisha kula."

"Samedi ni dot ya binti yangu Charlotte, banaleta mahari. Niambie sasa: nitafute muntu mwengine?"

Maman alikaribia kulia. Zaidi ya miaka ishirini ya urafiki, na mimi ndiye niliyeiharibu.

"Unipe hii Samedi moja," alimwomba Nzigire polepole. Jumamosi hiyo tu.

Nilikimbia kwa jirani yetu Larissa, anayefanya kazi ya kompyuta. Alisoma maelezo yangu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mutoni, ejo ipi? Kwa Kinyarwanda ejo ni jana, na ejo ni kesho!"

"Lakini siku za kwanza alisoma sawa."

"Alibahatisha. Jana jioni akabahatisha vibaya, akaweka tarehe ya juzi badala ya leo. Msaidizi haone ndani ya zana. Anasoma tu maelezo yenye uliandika."

Maneno yale niliyajua. Niliyasikia zamani, mbele ya kopo la chumvi.

"Uandike kama unaelezea mugeni wa leo," Larissa aliendelea. "Zana inafanya nini. Inataka nini. Haifanye nini. Na kama kitu hakieleweke, afanye nini."

Nilifuta maneno yangu, nikaandika upya:

"Inaleta oda za siku moja. Ipe tarehe kamili: siku, mwezi na mwaka. Maman akisema oda za ejo, ni ejo hazaza, yaani kesho. Si ejo hashize, yaani jana. Zana hii haiandiki wala haifuti oda. Ukikosa kuelewa, usibahatishe. Uliza Maman."

Larissa alimjaribu msaidizi kwa maswali kumi. Yote alijibu sawa.

Ijumaa jioni, jikoni, Maman aliuliza oda za ejo, mwiko mkononi. Simu ikaanza kusoma:

"Maman, kesho kuna oda ya Maman Nzigire, mabeseni matatu ya sambaza. Hakusema kama ni makubwa au madogo. Sitaki kubahatisha, kwa hiyo nakuuliza."

Mwiko ulimponyoka Maman.

"Mutoni," alisema, machozi yakimtoka, "huyu anasema kama Papa yako."

Nami nililia. Nilimkumbuka Papa na kalamu yake, na sisi tukimcheka. Maman alimpigia Nzigire, akaambiwa makubwa. Angejaza madogo, nusu ya wageni wangekosa.

Jumamosi asubuhi mabeseni matatu yalikuwa mlangoni, yamejaa. Nzigire aliyatazama kwa furaha.

"Maman Mutoni, mimi mwenyewe nilisahau kusema kubwa. Nani alikuambia uniulize?"

Maman aligeuka, akaliangalia kopo la chumvi.

"Papa Mutoni," alisema.